Maji Yaliyozuiwa Yanahitaji Mlinzi

Katika vilima vya Ituri na Kivu vijito ni vingi. Karibu kila bonde lina chake, na maji yanapita mchana na usiku. Watu wenye bidii wanayatazama na kusema, "Mbona maji haya yanatupita bure?" Halafu wanakata mto kwa ukuta wa udongo au wa mawe, maji yanasimama nyuma yake, na bwawa linapatikana. Watu wengi wanauita ukuta wa namna hii baraji, kwa neno la Kifaransa. Katika somo hili tutasema ukuta, na maji yanayosimama nyuma yake tutayaita bwawa.

Pengine utauliza, "Kwa nini kitabu cha afya kinafundisha habari za ukuta wa mto? Hiyo si kazi ya mafundi?" Sikiliza vizuri. Ukuta mwema unaleta afya kijijini. Lakini ukuta usioangaliwa unaua watu kwa njia mbili. Unaua kwa haraka, siku unapovunjika. Tena unaua polepole, kwa magonjwa yanayokaa katika maji yaliyosimama. Hatari hizi mbili zina dawa moja, nayo ni kuangalia. Kazi ya ukuta haimaliziki siku bwawa linapojaa. Siku ile ndipo inapoanza.

1. UKUTA MDOGO UNA FAIDA GANI?

Faida ya kwanza ni chakula. Kabla ya uhuru wa 1960 makumi ya maelfu ya maziwa madogo ya samaki yalichimbwa katika Kongo, na watu walifuga tilapia. Baadaye mengi yaliachwa, yakageuka vichaka na matope. Lakini mahali yanapotunzwa, mama anapata samaki wa kumpa mtoto aliyeacha kunyonya. Mtoto wa namna hii, akila muhogo tupu kila siku, anavimba miguu na uso, na nywele zake zinageuka rangi. Samaki kidogo katika chakula chake anamsaidia sana.

Faida ya pili ni maji wakati wa kiangazi, kwa bustani ya mboga, kwa ng'ombe na kwa kufyatua matofali.

Faida ya tatu ni umeme. Maji yanapata nguvu kwa mambo mawili: wingi wake, na urefu wa mahali yanapoanguka. Kama kijito kinatoa litre 100 kila sekunde, na maji yanashuka ndani ya bomba kwa metre 20, mashine nzuri inaweza kutoa kilowati 10 au zaidi kidogo. Nguvu hiyo inatosha taa za nyumba ya kuzalia, taa ya chumba cha kupasulia, na friji ya chanjo. Huko Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kituo kidogo cha umeme wa maji kilifunguliwa mwaka 2013. Hospitali nazo zinafurahia umeme wa namna hii, kwa sababu mto hauulizi bei ya mazuti.

Lakini shika neno hili: kwa umeme mara nyingi hakuna haja ya bwawa kubwa. Ukuta mfupi unaopandisha maji kidogo na kuyaingiza katika mfereji unatosha, kama mlima unatoa urefu wa kuanguka. Ukuta ulio salama kuliko zote ni ule mdogo unaotosha kazi yake. Usijenge mrefu zaidi kwa kutafuta sifa.

2. MAJI YANA UZITO KIASI GANI?

Mtoto anacheza na maji mkononi, anafikiri ni kitu chepesi. Haya, tupime. Metre moja ya maji kila upande, yaani urefu, upana na kwenda chini, ina uzito wa kilo 1,000, ndiyo tani moja. Bwawa la urefu wa metre 50, upana wa metre 30, na kina cha metre moja na nusu, lina tani 2,250. Ni mzigo wa malori 225 ya tani 10, na yote yanasimama juu ya nyumba za watu wa bondeni.

Tena, nguvu inayosukuma ukuta inatoka katika kina cha maji. Kina kikiongezeka mara mbili, kila metre ya ukuta inasukumwa kwa nguvu mara nne. Kwa hiyo mtu anayepandisha ukuta wake kutoka metre moja hadi metre mbili asiseme, "Nimeongeza kidogo tu." Ukuta unaopita metre tatu, au wowote ulio juu ya nyumba za watu, usijengwe bila injinia kuupima na bila ruhusa ya serikali.

3. KUTA ZINAVUNJIKA NAMNA GANI?

Njia ya kwanza: maji yanapita juu ya ukuta. Udongo hauwezi kuvumilia jambo hili. Maji yanachimba mgongo wa ukuta, yanafanya mfereji mdogo, mfereji unakuwa pengo, na kwa muda mfupi ukuta wote umekwenda.

Njia ya pili: maji yanapita ndani ya ukuta. Yanafuata tundu la panya au la kaa, nyumba ya mchwa, mzizi uliooza, au pembeni ya bomba ambalo halikushindiliwa vizuri. Kwanza yanatoka matone tu. Halafu yanabeba udongo kidogo kidogo, na tundu linapanuka ndani mahali macho hayafiki.

Njia ya tatu: ukuta wenyewe unateleza, kwa sababu ulijengwa wima sana, au juu ya majani na matope.

Habari za nchi nyingine zitufundishe. Tarehe 31 Mei 1889, katika Pennsylvania, nchi ya Marekani, ukuta mmoja wa udongo ulivunjika juu ya mji wa Johnstown, na watu 2,209 walikufa. Bwawa lile lilikuwa mali ya chama cha matajiri waliovua samaki kwa kujifurahisha. Kilele cha ukuta kilikuwa kimeshushwa kusudi magari ya farasi yapite juu. Mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameondolewa zamani, na hayakurudishwa. Tena, katika njia ya maji ya ziada waliweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke. Mvua kubwa ilipokuja, takataka zilishika katika vyuma vile, maji yakakosa pa kutokea, yakapita juu ya ukuta. Angalia jambo hili: samaki walizuiwa, watu wakafa.

Na karibu na kwetu, huko Solai katika nchi ya Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa la shamba moja lilivunjika. Zaidi ya watu 40 walikufa, na wengi kati yao walikuwa watoto. Maji yaliwakuta usiku, nyumbani mwao.

4. KUJENGA VIZURI

Tafuta mahali bonde linapokuwa jembamba, penye udongo wa mfinyanzi. Pima udongo hivi: chukua konzi moja yenye unyevu, finyanga mviringo kama chungwa, uurushe juu kidogo na kuudaka. Ukivunjika, udongo una mchanga mwingi. Ukishikamana, ni mzuri. Chimba pia shimo la kufika kiunoni, ulijaze maji jioni na kulijaza tena asubuhi. Kama jioni ile maji mengi yangalimo, udongo unashika.

Sasa fuata mambo haya:

Kwanza, ondoa majani yote, mizizi yote na udongo mweusi wa juu mahali ukuta utakaposimama. Usijenge juu ya majani. Yataoza na kuwa njia ya maji.

Pili, chimba mtaro katikati, kutoka upande mmoja wa bonde hadi upande wa pili, mpaka ufike udongo mgumu. Ujaze mtaro huo kwa udongo wa mfinyanzi. Huu ndio moyo wa ukuta.

Tatu, weka udongo kwa tabaka za sentimetre 15 hadi 20. Kila tabaka iwe na unyevu, na ishindiliwe kwa miti mizito mpaka iwe ngumu. Hapa ndipo watu wengi wanachoka wakati wa salongo, wanamwaga udongo kama chungu ya takataka. Ukuta uliomwagwa bila kushindiliwa hautakaa.

Nne, ukuta uwe mpana chini na kulala kama mgongo wa kilima. Upande wa maji, kwa kila metre moja ya kupanda, ulale metre tatu. Upande wa nyuma ulale metre mbili au mbili na nusu. Juu pawe na upana wa metre mbili au tatu.

Tano, kila bomba linalopita ndani ya ukuta livishwe kola za simenti, na udongo ushindiliwe kwa mkono pande zote. Bomba hilo liwe na mlango wa kufungua, kusudi bwawa liweze kushushwa.

Sita, nalo ni kubwa kuliko yote: tengeneza njia ya maji ya ziada. Usiipitishe juu ya ukuta wenyewe. Ichimbe pembeni, katika udongo wa asili ambao haujaguswa, iwe pana na yenye majani mafupi, na iyarudishe maji mtoni mbali na mguu wa ukuta. Kilele cha ukuta kiwe juu ya maji ya siku zote kwa metre moja, au kwa ukuta mfupi sana, sentimetre 60 zisipungue. Usipime upana wa njia hii kwa maji ya kiangazi. Waulize wazee mafuriko makubwa kuliko yote waliyoyaona yalifika wapi, halafu ongeza.

5. KULINDA UKUTA

Chagueni mlinzi mmoja, mtu mzima mwaminifu, na mwingine wa kumsaidia. Kapita wa kijiji awajue. Kila juma mlinzi atembee juu ya ukuta na chini yake, na wakati wa mvua atembee kila siku. Aangalie mambo haya:

Njia ya maji ya ziada iko wazi? Matawi, majani makavu na mitego ya samaki iondolewe. Mtu asiweke fito wala mawe pale ili kuongeza maji ya bwawa. Anayefunga njia hiyo anafungulia kifo kwa watu walio chini.

Kuna miti juu ya ukuta? Ikatwe ingali michanga. Majani mafupi ni mazuri, yanashika udongo. Lakini migomba, mikaratusi na miti mingine haifai, hata kama kivuli chake kinapendeza.

Kuna matundu ya panya, kaa au mchwa? Yachimbwe mpaka mwisho wake, yajazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa.

Kuna nyufa, au mahali palipozama juu ya ukuta? Pajazwe upesi, kwa maana mahali pa chini ndipo maji yatapita kwanza.

Kuna maji yanayotoka nyuma ya ukuta? Hapa sikiliza sana. Yachote katika glasi au chupa nyeupe, uyaangalie kwenye mwanga. Yakiwa safi, tena kidogo, na hayaongezeki, weka alama na uyapime kila siku. Yakiwa machafu, maana yake yanabeba tumbo la ukuta. Hiyo ni hatari ya leo, usingoje kesho.

6. SIKU YA HATARI

Kama maji machafu yanatoka nyuma ya ukuta, au bwawa linakaribia kufika kilele, fanya hivi kwa taratibu yake:

Kwanza watu. Piga ngoma au kengele ambayo wote wameifahamu tangu mbele. Watu wa bondeni wapande mlimani mara moja, pamoja na wazee, wagonjwa na watoto. Wasirudi kuchukua sufuria wala mbuzi. Tumeni habari kwa vijiji vilivyo mbali chini ya mto.

Pili, fungueni mlango wa bomba na kusafisha njia ya maji ya ziada, kama mnaweza kufanya hivyo bila kusimama mahali panapobomoka.

Tatu, kama tundu bado ni dogo na kuna nuru ya mchana, mwageni mchanga mnene mahali maji yanapotokea nyuma, halafu kokoto juu yake, halafu mawe. Mchanga unazuia udongo na kuyaacha maji yapite. Msizibe kwa udongo wa mfinyanzi upande huo wa nyuma, kwa sababu maji yatajitafutia njia nyingine ndani ya ukuta.

Usiku, au tundu likipanuka, acheni ukuta uende. Ukuta unajengwa tena, lakini mtu hajengwi tena. Na jambo hili lijulikane mbele: nyumba, shule na soko zisijengwe katika njia ya maji chini ya ukuta.

7. MAGONJWA YA BWAWA

Sasa tufike kwenye kifo kinachokuja polepole.

Bilharzia. Mgonjwa anajisaidia majini au ukingoni, na mayai ya mdudu yanaingia katika maji. Wadudu wanaotoka humo wanaingia ndani ya konokono wadogo wanaokaa katika majani ya bwawa. Baada ya majuma machache wanatoka kwa maelfu, wanapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevua. Mtu anaumwa tumbo na kujisaidia damu. Akiachwa miaka mingi, ini linaharibika, tumbo linajaa maji, na anaweza kutapika damu mpaka kufa. Kuna namna nyingine inayoleta damu katika mkojo.

Mwaka 1986 ukuta wa Diama ulimalizika kwenye mto Senegal, ili maji ya chumvi yasipande kutoka baharini. Ukuta ulifanya kazi yake. Lakini mwaka 1988 bilharzia ya matumbo ilionekana katika mji wa Richard-Toll, ambako haikujulikana mbele, na kwa miaka michache iliwashika watu wengi sana. Maji matamu yaliyotulia yaliwapendeza konokono. Nao kamba wa mto wanaokula konokono walizuiwa na ukuta, wasiweze kupanda.

Basi fanyeni hivi. Jengeni vyoo mbali na bwawa, na kila mtu avitumie. Ng'oeni majani ya ukingoni, lakini anayeng'oa avae buti za mpira. Watoto wasiogelee. Maji ya kuoga yakichotwa na kuwekwa siku mbili kamili katika pipa safi lisilo na konokono, wadudu hao wanakufa. Mwenye dalili aende hospitali apimwe. Kuna dawa nzuri, prazikwanteli, inayotolewa kwa kipimo cha mwili. Lakini akirudi kuoga palepale, ataambukizwa tena.

Malaria. Mbu anataga ukingoni, mahali maji ni mafupi na yenye majani. Kwa juma moja au mawili yai limekuwa mbu. Kwa hiyo kata ukingo uwe wima kidogo, ondoa majani, na ukiweza shusha maji kwa sentimetre 20 au 30 mara moja kila juma, ili viluwiluwi vya mbu vikauke. Yashushe polepole, kwa maana maji yakishuka ghafula, ukuta uliolowa unaweza kuteleza. Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Upofu wa mtoni. Inzi mdogo mweusi anayeuleta hapendi maji yaliyosimama. Anataga mahali maji yanapokimbia juu ya mawe, na njia ya maji ya ziada inamfaa sana. Isafisheni, na ikiwezekana muikaushe siku moja moja. Dawa ya ivermektini ipokeeni kwa wagawaji waliofundishwa. Msiinunue sokoni, kwa sababu katika sehemu za msitu kuna mdudu wa loa, na mwenye wadudu hao wengi anaweza kuugua vibaya akiimeza.

Kuzama. Mahali maji yanapoanguka chini ya ukuta wa mawe yanajizungusha na kumrudisha mtu chini, hata anayejua kuogelea. Mdomo wa bomba nao unavuta. Wekeni uzio hapo. Mtu akizama, mtupie kamba au mti mrefu. Usiruke, msiwe wawili.

Tena, maji ya bwawa si ya kunywa bila kuchemshwa.

8. NENO LA MWISHO

Bwawa ni kama ng'ombe wa maziwa: linalisha nyumba, lakini linataka mchungaji kila siku. Mwenye bwawa asiseme, "Ukuta ni wangu, nitafanya nipendavyo." Jirani yake ni yule anayekaa chini ya ukuta, na mtoto wa jirani huyo analala usiku bila kujua kama njia ya maji iko wazi. Wewe unajua. Nenda ukaangalie kabla mvua haijaanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini njia ya maji ya ziada isipite juu ya ukuta wa udongo?
2. Maji yanayotoka nyuma ya ukuta yakiwa machafu, utafanya nini kwanza?
3. Kwa nini miti haifai juu ya ukuta?
4. Taja magonjwa matatu yanayoweza kuongezeka penye bwawa, na namna ya kuzuia kila moja.
5. Katika kijiji chako, nani ni mlinzi wa ukuta? Kama hakuna, mtamchagua lini?